Mwizi Aliyeniamkia

Wanaume wa Mfaranyaki ni mashujaa kweli. Duka la Mama Oliva linaporwa mchana kweupe, wao wamesimama nje wanapiga picha. Basi nikaingia mimi, bibi kizee, na mwiko wangu.

Ndani, vijana wawili wanagombania droo ya mauzo. Mmoja akaniona: “Shikamoo, bibi!” Mwingine kanipa mgongo, kimya. Sasa mtoto mwenye adabu vile ataiba? Nikamtandika mwiko yule asiyesalimia, akaachia droo.

“Bibi Tekla, unaniulia mwanangu Osmundi!” Mama Oliva akalia kutoka nyuma ya kaunta.

Majina ya mtaa mzima ninayo kichwani. Migongo, kumbe, siijui.

Mwenye adabu akapita mlangoni na droo yake. “Ahsante, bibi.”

Nami, kwa mazoea, nikaitikia, “Karibu tena.”