Alichotuambia Mtia Makaa wa Sur

Mama alikua akiambiwa kwamba baba yake, mtia makaa katika tanuri za meli za mizigo, aliondoka Unguja wakati wa vita vya pili vya Mjerumani, akaoa Bombay, asirudi tena. Bibi alikufa na hasira zake. Sisi wajukuu hatukufundishwa hata kumwombea dua.

Yapata miaka ishirini sasa, tulitoka kwetu Ibra, huku Omani, kwenda Sur pwani kumposea mdogo wangu wa kiume. Babu wa yule msichana, mzee sana, aliposikia tunasema Kiswahili akaomba aletwe upande wa wanawake atusalimie. Ujanani alikuwa mtia makaa melini pamoja na Waunguja.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Nyinyi wa mtaa gani Unguja?"

"Malindi," Mama akajibu, akamtaja na baba yake.

Mzee alikiweka chini kikombe cha kahawa. "Mtia makaa? Mrefu, ana kovu shingoni?"

Mama hakuwa na picha ya baba yake. Lakini kovu alikuwa amesimuliwa.

"Tulikuwa meli moja," mzee akasema. "Msafara wa meli nyingi, na manowari zikitulinda. Nyambizi ikatupiga ubavuni. Mimi mvuke ulinichoma mikono, siwezi kuogelea. Baba yako akanipandisha juu ya ubao, mwenyewe akabaki majini ameushika. Meli nyingine zikatupita. Amri ilikuwa zisisimame."

"Kisha?"

"Kisha manowari yetu ikaja. Tukapiga takbiri, tukajua tumeokoka. Mara tukaona wanasukuma mapipa ya baruti baharini, yale ya kulipukia chini ya maji. Nyambizi ilikuwa chini yetu, nao wakaitaka hiyo. Bahari ikapasuka. Walio majini wote waliumia matumbo kwa mshindo; miye nilikuwa juu. Alikufa ameushika ubao wangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza, "Manowari yetu wenyewe, babu?"

"Yetu wenyewe, wallahi."

Mwanamke mmoja chumbani bado alikuwa ameinua buli, hamimini. Mama alimsogelea mzee.

"Mbona hukutuletea habari?" alimuuliza.

"Nilidhani serikali ya Kiingereza imekuleteeni barua. Miye nilirudishwa huku Sur na mikono hii." Akatuonyesha. Ngozi ilikuwa imekunjamana hadi viwikoni. "Nisamehe, binti yangu."

Mama aliishika ile mikono, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, hata siku ya maziko ya Bibi.

Posa ilikubaliwa, ingawa mazungumzo ya mahari siyakumbuki hata kidogo. Njiani, tulipopita Al Kamil, Mama aliniambia nisimamishe gari. Akashuka, akaelekea kibla kando ya barabara, akamwombea baba yake dua.

Wiki ile tulisoma hitima nyumbani Ibra. Majirani walikuja kumpa Mama pole wakimuuliza nani amekufa.

"Baba yangu."

"Lini?"

Mimi ndiye niliyewajibia: "Wakati wa vita vya Mjerumani. Habari ndiyo imetufika sasa."