Pikipiki ya Kenya Ndani ya Nyumba ya Nashipai

Msiba wa mumewe haujapoa, Nashipai akachukua panga akabomoa ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Watu wa kijiji cha Nainokanoka, juu milimani, walitoka na mashuka yao kwenye ukungu kumwangalia, wakadhani kilio kimempanda kichwani. Hakikumpanda popote. Alikuwa anaingiza pikipiki.

Mlango wa nyumba ya Kimaasai una kona. Mtu mwenyewe anaingia ameinama, sembuse pikipiki yenye usukani na taa. Kwa hiyo alitoboa ubavuni, akaisukuma peke yake, akaiegemeza karibu na kitanda cha binti zake wawili. Akarudishia fito, akakanda mavi ya ng'ombe, akasiriba mpaka pakawa sawasawa. Kisha akanawa mikono akaingia kupika uji. Aliyetaka kucheka akacheke kwake.

Sababu ya yote ilikuwa shemeji yake, Lomayani. Tobiko, mume wa Nashipai, alikuwa akinunua ngozi upande wa Narok, na pikipiki ile aliinunulia hukohuko, ina namba za Kenya na kadi ya Kenya. Mwanzoni mwa mwaka sabini na saba alikuja nayo nyumbani kupitia Loliondo, akiwa na kibali cha muda mfupi tu. Kabla hajarudi, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Basi kibali kikaisha, bima ikaisha, na mwaka uliofuata Tobiko mwenyewe akaisha, kwa homa ya mapafu. Hakuacha mtoto wa kiume. Ng'ombe wote wakaingia mkononi mwa Lomayani, naye akamwachia mjane ng'ombe mmoja mzee, mkavu kama ubao. Halafu akaja kuitaka na pikipiki.

Huko juu milimani kulima kulishapigwa marufuku, kwa ajili ya hifadhi ya wanyama. Mahindi yanatoka chini, mashambani Mbulumbulu, na ukiyataka upeleke maziwa au samli. Mwenye ng'ombe mkavu atapeleka nini, maneno? Nashipai alitaka ng'ombe wa maziwa, wake mwenyewe, ambaye kumkamua hakuhitaji ruhusa ya mtu. Hilo tu. Na kitu pekee cha kumpatia ng'ombe huyo kilikuwa kimesimama karibu na kitanda, kimefungiwa.

Mnunuzi alimpata. Bartolomeo, Mwiraqw wa Mbulumbulu, alikuwa fundi wa matrekta ya ngano, akizunguka mashamba kwa miguu na mfuko wa spana begani mpaka bega limelala upande. Aliingia, akaimulika pikipiki kwa kibiriti, akaipapasa injini, akaahidi mitamba wawili wenye mimba. Halafu akakumbuka uoga wake.

"Lakini mama Naisula, mimi nanunua pikipiki, sinunui kesi. Polisi wakiona namba hizi na makaratasi yaliyooza, nitalala ndani."

"Wewe walishe mitamba wanenepe," Nashipai akamwambia. "Kesi ni yangu."

Lomayani aliposikia habari hiyo hakulala vizuri. Akateremka hadi Karatu, akawaeleza wakubwa wa ofisini kwamba mwanamke ameficha pikipiki ya marehemu ndugu yake, ya Kenya, na sasa anaiuza. Alidhani serikali itaitoa ndani ya nyumba na kumkabidhi yeye mkononi, kama vile serikali ni mtoto wa kutumwa.

Haikupita muda, Landrova ikapanda toka Arusha na bwana forodha, mtu mnene mwenye sweta mbili, meno yanagongana kwa baridi. Akasema pikipiki itolewe. Wanaume waliokuwepo wakatazama miguu yao. Akasema ukuta ubomolewe. Mzee Ngoyai, mkubwa kuliko wote pale, akamweleza taratibu kwamba nyumba ni ya mwanamke aliyeijenga, na hata mumewe, angekuwa hai, asingegusa ufito mmoja. Mwanaume anayebomoa nyumba ya mwanamke anatozwa faini na wazee, na watoto wake wanakosa wachumba. Bwana forodha akamgeukia dereva wake. Dereva akautazama ukuta, akasema yeye kazi yake ni gari.

Nashipai alikuwa amesimama mlangoni, mikono imekunjwa.

"Sikatai," akasema. "Nitabomoa mwenyewe. Ila kwanza mwenye pikipiki ajitaje mbele ya wazee hawa. Sitoi kitu ndani ya nyumba yangu bila kumjua mwenyewe."

Lomayani hakusubiri kuulizwa mara mbili. Akajitokeza, shuka limetupwa begani. "Ni yangu. Kila alichoacha ndugu yangu kiko mkononi mwangu, na hicho kimo."

"Vizuri," bwana forodha akasema, akafungua mkoba na kutoa karatasi. "Jina lako kamili?"

Lomayani akataka kujua jina la nini. Akaelezwa. Mwenye chombo ndiye mwenye kulipa ushuru wake, na juu ya ushuru, faini ya muda wote ambao kimekaa nchini bila kibali. Akishindwa, mahakama ya Arusha. Na mahakama, bwana forodha akaongeza huku akilitazama zizi, ikimkuta mtu ana ng'ombe wengi haihangaiki kutafuta malipo.

Lomayani akageuka kutazama ng'ombe wake. Shuka likamteleza begani.

"Bwana, usiandike kwanza. Mimi nilisema kama ndugu wa marehemu tu. Chuma hicho sikijui. Ni cha mwanamke huyu."

"Umesema?" Mzee Ngoyai akauliza.

"Nimesema."

"Rudia, masikio yangu ni ya kizee."

Akarudia, na safari hii hata wanawake waliokuwa kwenye nyumba za mbali walisikia, maana kicheko chao kilifika mpaka pale.

"Andika Nashipai," mwanamke akasema.

Bwana forodha akamuuliza kama ameelewa anachojitwika. Akajibu alielewa kabla Landrova haijapanda. Ana mnunuzi, mnunuzi ana mitamba wawili. Mmoja atauzwa mnadani Karatu kulipa serikali, pikipiki ipelekwe Arusha ikapewe namba za Tanzania kwa jina la Bartolomeo. Hauzi kwa kificho, akasema, maana hajaiba kwa mtu. Bwana forodha akakohoa. Akasema akitaka anaweza kuitaifisha leo hii, na hakuna wa kumlaumu.

"Basi bomoa," Nashipai akamwambia.

Mtu yule akautazama ukuta. Akawatazama wazee. Akatazama ukungu uliokuwa ukishuka juu ya barabara ya kurudia. Kisha akaandika, akampa hadi mwisho wa mwezi, na Nashipai akatia kidole gumba kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Bartolomeo alinung'unika, lakini alikuja. Nashipai akabomoa ukuta wake, pikipiki ikatoka na vumbi lake, ikapakiwa bila kuwashwa kwenye lori lililoshusha mahindi. Mtamba mmoja akaenda mnadani kama alivyosema. Wapo waliomsimanga kwamba aliahidiwa wawili, ameambulia mmoja. Akawauliza wawili alikuwa nao lini.

Mtamba aliyebaki akapandishwa kutoka Mbulumbulu, mwekundu, tumbo limeshuka tayari. Lomayani akamsubiri langoni na fimbo.

"Mpitishe hapa, shemeji. Atalala na wangu. Boma hili lina lango moja, na lango ni langu, na ng'ombe apitaye humo ni wa mwenye lango."

Nashipai akamwita binti yake mkubwa. Akamwachia Naisula kamba, akaenda na shoka kwenye uzio, pale ulipopita nyuma ya nyumba yake, akaanza kukata.

"Mwanamke hana lango," Lomayani akasema. "Tangu lini?"

"Tangu saa hii."

Akakata mpaka pakatosha ng'ombe mwenye mimba. Wazee walikuwa wanaona. Hakuna aliyemzuia. Mtamba akanusa matawi mabichi, akasita, kisha akapita, na Nashipai akaliziba lango lake kwa ndani.