Blanketi la Mkwe Asiyetazamwa

Saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka Mafinga. Katika ukumbi wa kanisa, akina mama wa Mbeya na Iringa waliokuja kambi ya kushona wameketi mikekani, kila mmoja na furushi lake la vitambaa chakavu. Alinanuswe, fundi cherehani wa Mbalizi, anawafundisha kuunga vipande kuwa blanketi.

"Usivute uzi hivyo, mama, kitambaa kitakunja uso," anamwambia Verediana, mkulima wa Iringa. Ukumbi unacheka.

Alinanuswe hana haja ya futi. Anakutupia jicho mara moja tu, gauni linakukaa sawasawa. Lakini yuko mtu mmoja aliyemshinda: baba mkwe wake.

Kwao Unyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe. Akimsikia anakuja, anajificha migombani mpaka apite. Tangu aolewe, Alinanuswe anakijua kikohozi chake tu, na mwaka huu wa 1957 kimezidi. Kifua kinambana mzee, baridi haimpi usingizi.

Mwezi wa nne alimshonea blanketi. Alimpima mumewe, Lutengano, akiamini mtoto humfuata baba. Kumbe Lutengano kawafuata wajomba, ni mfupi.

"Mzee akifunika kifua, miguu iko nje," anasimulia, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Na hakulalamika. Mama mkwe ndiye aliyeniambia. Nililia, jamani. Mimi fundi!"

"Sasa urefu wake utaujuaje?" anauliza Verediana.

Alinanuswe anatoa kamba ya mgomba yenye fundo. "Mama mkwe alimpima amelala, shingoni mpaka vidole vya miguu."

Wanaitandaza juu ya blanketi jipya analomshonea mzee. Pamepungua karibu mkono mzima, na vitambaa vizito vimemwishia.

Verediana anafungua furushi lake na kutoa suruali ya kaki. "Ya marehemu wangu. Niliitunza niiweke kwenye blanketi langu. Chukua, kashone miguuni, ndipo panapouma baridi."

"Ndaga, mama," Alinanuswe anashukuru kwa Kinyakyusa.

Kambi ikifungwa atampa mama mkwe blanketi mlango wa jikoni, kisha atarudi kwake, nyumba ya pili.

"Sitamwona akijifunika," anasema, sindano ikiendelea. "Ninachotaka ni asubuhi moja tu. Niwe natwanga, mama mkwe anijie mbio aniambie: 'Twanga polepole, baba yako bado amelala.'"