Nyongeza ya Bi Hajra

Shangazi yangu Bi Hajra wa Dunda hauzi kitu bila nyongeza. Ukinunua kwake mkeka, atakutilia na upepeo mdogo wa ukili, na ukikataa ananuna. "Biashara bila nyongeza haina baraka," husema, na hapo mjadala umefungwa.

Mteja wake mkubwa ni Sophia, mzaliwa wa Miono mwenye duka la mtandaoni huko Marekani. Sophia huagiza kwa simu, shangazi husuka, mimi Tabia najaza fomu na kupeleka posta. Tangu shangazi afiwe na mumewe, mikeka hiyo ndiyo inayomlisha.

Basi Marekani wakafuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vidogo. Viwango navyo leo hivi, kesho vile. Sophia akatuonya: "Kila kilichomo kiandikwe, na shangazi asitie cha ziada." Nikamwambia shangazi. Akaitikia, "Haya, haya." Nikaandika: mkeka mmoja.

Baada ya miezi miwili kifurushi kikarudi. Watu wa forodha wa kule walikuta kitu kisichoandikwa. Nilipoukunjua mkeka, upepeo ukadondoka.

"Shangazi! Si nilikwambia?"

"Ulisema bidhaa ziandikwe. Nyongeza imekuwa bidhaa tangu lini?"

Wallahi nilipandwa na hasira, nikatoka nje nisije nikamkosea adabu. Jioni Sophia akapiga simu: ataagiza mkeka mmoja tu wa kujaribu, na ukirudishwa, atatafuta msusi mwingine. Shangazi hakula usiku ule.

"Nimpe mtoto wa watu mkeka mtupu," alisema, "kama ninayemfukuza?"

Hasira zikaniisha, nikamhurumia.

Siku ya kufunga mzigo niliukung'uta mkeka mbele yake, nikaupapasa kote. Hamna kitu. Lakini kuuviringisha, hauingii kwenye mfuko wetu wa siku zote! Nikaupima. Umezidi shibiri nzima, na shibiri hiyo imesukwa kwa ukili wa zambarau, ule ule wa pepeo zake.

"Shangazi, hii nini tena?"

"Andika mkeka mmoja. Au siku hizi hujui kuhesabu?"

Nikaandika, roho juu. Wiki tano nzima shangazi aliniuliza kila asubuhi, hata kabla sijamaliza kumwamkia. Wiki ya sita ikaja picha ya mkeka umetandikwa dukani, na maneno ya Sophia chini yake:

"Mwambie shangazi nyongeza yangu nimeiona."