Sabuni ya Hajati Wasfiya

Abu Nizam, mtengeneza sabuni, alipanda ngazi hadi ofisini kwa wakili Buthayna, hapa Nablus, Palestina, akiwa na barua mkononi na vumbi la sabuni kwenye nyusi. Mfanyabiashara wa mji mwingine alikuwa ameomba kusajili alama ya ufunguo kwa sabuni zake. Akikubaliwa, Abu Nizam na mafundi wake wanne watakatazwa kugonga muhuri wa ufunguo, muhuri alioachiwa na babu yake.

"Kwa nini hukuusajili?" Buthayna aliuliza.

"Ustadha, nisajili muhuri wa babu? Si bora nisajili pua yangu!"

"Pua yako hakuna anayeitamani, Abu Nizam. Muhuri wanautamani."

"Mji mzima unajua ni wetu."

"Mji mzima hauingii kwenye faili. Niletee kitu chenye tarehe."

Hakuwa nacho. Miaka yote walikuwa wakiuza kwa watu wanaojuana nao. Nimekaa sana kwenye benchi la ofisi ile, na wateja wa Buthayna wengi wako hivyo: washonaji, wapika halua, watengeneza magodoro. Mkataba wanauona kama tusi kwa rafiki, kisha wanakuja mbio siku za kuweka pingamizi zikikaribia kwisha. Abu Nizam alibakiwa na siku kumi na tisa.

Buthayna aliandika pingamizi jioni ile ile. Ushahidi akautafuta kwa miguu. Alikumbuka kwamba zamani bibi harusi wa hapa alipewa sabuni pamoja na nguo, na kabla ya harusi vitu vyote vilitandazwa kitandani, jamaa wakaja kutazama, mpiga picha akapiga. Akawa anabisha hodi kwa wazee wa kike, nyumba hadi nyumba. Wengi walikuwa wameshaziogea sabuni zao.

Hajati Wasfiya alikuwa nayo moja, imekuwa ya kahawia, ufunguo bado unasomeka. Picha pia alikuwa nayo: kitanda, mashuka, sabuni za ufunguo zimepangwa kama mnara, na nyuma ya picha muhuri wa studio wenye tarehe ya miaka hamsini na mbili iliyopita.

"Picha chukua," alisema. "Sabuni siitoi. Nimeiweka wanioshee siku nikifa."

"Naiazima tu, hajati. Itarudi nzima."

"Na nikifa kesho?"

"Tafadhali usife. Shauri letu ni mwezi ujao."

Hajati alicheka mpaka akashika mbavu. "Nyie mawakili! Hata kwa Mungu mnaomba shauri liahirishwe!"

Akaifunga sabuni kwenye leso, mafundo mawili.

Siku ya shauri, yule mfanyabiashara alileta risiti za miaka mitatu. Buthayna akafungua leso, akaweka picha kando yake. Ombi la ufunguo lilikataliwa, na wiki ile ile Buthayna akawasilisha lingine kwa jina la Abu Nizam. Safari hii alimsimamia mpaka akatia saini kila ukurasa.

Kisha wakaenda pamoja kurudisha deni. Abu Nizam alibeba sabuni mpya kumi na mbili. Hajati hakuzitazama. Alifungua leso, akaipima ile ya zamani kiganjani, akainusa.

"Imepungua harufu."

"Karani wa pale kwenye shauri aliinusa mara tatu," Buthayna alisema.

"Basi na yeye aje mazishini," alisema Hajati Wasfiya, akairudisha sandukuni.