Kichupa Kilichonasa Kisichokuwepo

Nauzia maabara vifaa vya utafiti, na mteja wangu mmoja, dada mtafiti, hapunjiki. Kila kichupa cha kingamwili nikimletea, hukigonga kwa ukucha mara tatu, hukiinua kwenye taa, kisha huandika tarehe kifunikoni kwa herufi ndogo kama sisimizi. Kingamwili hiyo, ambayo watafiti huitumia kama chambo cha kupimia, hutakiwa kunasa protini moja tu, inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Mwezi huu ndiyo kwanza amepata seli zisizo nayo kabisa, akazijaribu. Mstari mweusi, ishara kwamba kingamwili imenasa kitu, ukatokea palepale pa siku zote, mnene.

“Kaka, hapa imenasa nini?”

“Mali yangu safi, dada. Labda umechanganya sampuli.”

“Nimerudia mara nne. Sasa miaka miwili yote nilikuwa napima nini?”

Nikamsogezea kichupa kipya nilichomletea. Akakigonga kichupa mara tatu, akakiinua kwenye taa.