Mjane wa Mtu Aliye Hai

Watu wa mtaa wa Cheyo, mjini Tabora, walimfahamu Mwanajuma kwa mambo mawili: asali yake isiyochanganywa na maji, na mumewe aliyefukiwa na mgodi. La kwanza lilikuwa kweli.

Mume huyo, Sabiri, alikuwa fundi baiskeli. Aliondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu binti yao Najiat akiwa bado anajifunza kuandika jina lake. Hakuna aliyeshangaa. Tabora ni mji uliozoea wanaume wanaoondoka. Tangu enzi za misafara ya pembe na shanga, wako waliojitwisha mizigo wakashika njia ya pwani au ya Ujiji, na nyuma yao wakabaki wanawake waliojua kusubiri bila kuonekana kwamba wanasubiri. Bibi yake Mwanajuma alilelewa katika nyumba ya namna hiyo.

Kisha zikaja habari kwamba shimo limeporomoka. Baadhi ya wachimbaji walitolewa, wengine hawakutolewa, na Sabiri alitajwa miongoni mwa wasiotolewa. Mwili haukuonekana. Shehe wa msikiti wao alisema hawezi kumkalisha mwanamke eda kwa habari isiyo na yakini, basi na asubiri. Mwanajuma akasubiri. Miaka ilivyokwenda, bila mtu yeyote kuamua, watu wakaanza kusema "marehemu Sabiri". Majidi, kaka yake Sabiri, akawa anamsomea hitima ndugu yake kila mwaka kabla ya mwezi wa Ramadhani. Najiat akakua akijua kwamba ni yatima, na kwamba baba yake alikufa ardhini akimtafutia ada ya shule.

Aliyevuruga mambo alikuwa Leodgar, mfuga nyuki wa Usoke aliyemletea Mwanajuma asali kwa ndoo. Siku moja, Najiat akiwa ameanza tu sekondari, Leodgar alishusha ndoo zake, akaomba maji ya kunywa, akatazama kushoto na kulia kabla ya kusema. Alikuwa amepeleka baiskeli yake kwa fundi mmoja aliye karibu na stesheni ya Usoke, fundi anayeitwa Selemani. Lakini yeye Leodgar hakuwa mgeni wa uso ule. Alikuwa akitengenezewa baiskeli na mtu yuleyule hapa hapa Tabora zamani. Fundi Selemani ndiye Sabiri. Ana mke kule, na watoto.

Mwanajuma alimaliza kwanza kuchuja asali aliyokuwa akiichuja. Kisha akamwomba Leodgar kwa heshima ya biashara yao asimwambie mtu. Alijiambia kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Baba aliyekufa akitafuta ada ni baba mzuri, mtoto anaweza kumwegemea. Baba anayeziba pancha mwendo usiozidi asubuhi moja kutoka nyumbani, asiulize hata mtoto amekula nini, huyo utamwegemea vipi? Lakini palikuwa na jambo jingine ambalo Mwanajuma hakulitamka hata peke yake. Mke wa aliyekufa hupewa pole, na mke wa aliyekimbia hutazamwa kuanzia kichwani hadi miguuni, watu wakitafuta kasoro.

Basi akanyamaza, na kimya kile kikakaa vizuri nyumbani mwake mpaka Najiat alipomaliza kidato cha sita.

Najiat alifaulu. Alipata nafasi ya kusomea ualimu wa hisabati na fizikia katika chuo kikuu kilichoko Dodoma, na mtaa mzima ukafurahi naye. Faida ya asali ilitosha chakula na sare za shule, haikufika chuo kikuu. Tegemeo lilikuwa mkopo wa serikali. Dirisha la maombi lilipofunguliwa, Najiat akaenda kwa Erasmus, mwenye duka la steshenari lenye kompyuta, wakaanza kujaza. Walifika kwenye sehemu ya wazazi. Erasmus akauliza kama baba yupo. Najiat akajibu kama alivyojibu maisha yake yote, kwamba amefariki. Basi, akasema Erasmus, alete cheti cha kifo.

Najiat alirudi nyumbani akiwa hana wasiwasi. Aliona ni karatasi tu imekosekana, na karatasi hutafutwa. Alimweleza mama yake kwamba yatima hutazamwa kwa jicho la huruma zaidi, kwamba ameshaulizia, na kwamba kwa kuwa mwili haukuonekana itabidi mke aape mbele ya wakili, aeleze jinsi mumewe alivyopotea, kisha jambo lipelekwe mahakamani likatamkwe rasmi.

"Wewe ukishaapa tu, Mama, mengine nitayafuatilia mimi," alisema. "Wala hutapata usumbufu."

Mwanajuma aliitikia. Asubuhi iliyofuata alimwambia binti yake kwamba anakwenda Usoke kuangalia asali ya msimu, akapanda basi la Urambo linalopitia huko.

Leodgar alimpokea, akamwongoza hadi karibu na stesheni, akamwonyesha kwa kidevu, halafu akajitenga. Ulikuwa msimu wa kuuza tumbaku, na harufu ya majani makavu kutoka kwenye maghala ilikuwa imeshika hewa yote, tamu na nzito. Chini ya kibanda cha bati Sabiri alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu na kulitazama kwa jicho moja. Alikuwa amenenepa kidogo. Ndicho kilichomuuma Mwanajuma kwanza, hata kabla ya mengine yote: kwamba mtu wa hitima amenenepa.

Sabiri alimtambua. Hakukimbia. Alimvutia kigoda, akaendelea kushika spana mkononi kama mtu anayeogopa kubaki mikono mitupu.

Mwanajuma hakuwa amekuja kugombana. Alimwambia habari za Najiat, kwamba amefaulu, kwamba anaomba mkopo, na kwamba panahitajika taarifa za baba na sahihi yake. Hamwombi kingine. Hata kurudi hamwombi. Aandike jina lake tu.

Sabiri alisikiliza hadi mwisho. Alipouliza, aliuliza kama mtoto ni mrefu. Mwanajuma akasema ni mrefu. Kisha Sabiri akatikisa kichwa, akaeleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada, kwamba akijitokeza itakuwa hasara kwa mtoto. Mwenye baba atahesabiwa ana baba. Afadhali aandikwe yatima, atapata zaidi.

"Mimi kule nimeshakufa, Mwanajuma. Wote wanajua. Wewe apa tu, mtoto asome."

"Na wewe ulijuaje kwamba kule umekufa?"

"Nilipotoka mle shimoni watu walikuwa wameshanihesabu na waliokufa. Nikaona sina nguvu ya kuwasahihisha."

Hapo akatokea mwanamke kijana amebeba bakuli lililofunikwa. Alipiga goti kidogo mbele ya Mwanajuma, akasema, "Shikamoo, mama." Sabiri akamweleza haraka kwamba huyu ni mfanyabiashara wa asali kutoka Tabora. Mwanajuma aliitazama ile sura isiyojua lolote, akajibu marahaba. Angeweza kusema neno moja pale na kibanda chote kikaanguka. Hakulisema, wala hakuelewa kwa nini. Aliinuka, akaaga kama anavyoaga mteja.

Ndani ya basi la kurudi alijaribu kuipanga hesabu, ikakataa kupangika. Akiapa, atakuwa ameshuhudia uongo mbele ya Mungu kwa ulimi wake mwenyewe, na mtoto atasoma juu ya uongo huo. Tena itabidi akae eda, avae kaniki, apokee watu wa tanzia, aache meza yake ya asali, amlilie mtu ambaye yeye mwenyewe amemwacha akifunuliwa bakuli la chakula. Asipoapa, atamweleza nini Najiat? Na hata angesema kweli, nani atatia sahihi? Sabiri alikuwa amefunga mlango upande wake, na yeye mwenyewe, kwa miaka yote ile ya kunyamaza, alikuwa ameufunga upande wa pili.

Alipofika Cheyo akakuta watu wameendelea kumsaidia. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Omari, alikuwa ameandika barua ya kumtambulisha kama mjane wa marehemu Sabiri, ameigonga muhuri, na hakutaka hata soda. Majirani wawili wakongwe walikuwa wamekubali kuwa mashahidi. Majidi alikuwa ameongea na wakili anayemfahamu, mwanamke mwenye ofisi jirani na mahakama, naye akakubali kuwapokea. Kila aliyekuja pale nyumbani alikuja na wema, na kila wema ulimsukuma Mwanajuma hatua moja mbele kuelekea kwenye ile kalamu. Najiat aliimba akifua. Ulikuwa umepita muda mrefu hajaimba.

Siku ya kiapo walikwenda watatu: Mwanajuma, Najiat na Majidi. Majidi alivaa kanzu. Wakili aliwakalisha, akawapa pole, akasoma maandishi yaliyokuwa yamekwisha kuchapwa: kwamba mimi, Mwanajuma, Mwislamu na mkazi wa Tabora, ninaapa na kuthibitisha kwamba tangu ajali ile sijawahi kumwona mume wangu wala kusikia habari zake, na kwamba ninaamini amefariki. Akamuuliza kama ameelewa. Akamsogezea karatasi.

Mwanajuma alishika kalamu. Aliona mkono wake ukiwa mtulivu kabisa, na utulivu ule ukamtisha. Alijua kwamba sekunde moja zaidi ataandika, na akishaandika hatarudi tena kuwa mtu aliyekuwa.

"Baba yako yupo Usoke," alisema, bila kuinua uso. "Nimemwona wiki hii. Anatengeneza baiskeli."

Najiat alidhani amesikia vibaya. Mwanajuma akarudia, safari hii akayamaliza yote, habari ya Leodgar, ya jina la Selemani, ya mke na watoto. Majidi alisimama. Alikuwa na tasbihi mkononi, akaitia mfukoni, akatoka nje. Wakili alivuta karatasi upande wake taratibu, akaipindua uso chini.

"Umejua tangu lini?" Najiat aliuliza.

"Tangu ukiwa kidato cha kwanza."

Binti hakulia. Hilo lilikuwa gumu zaidi kuliko kilio. Wakili aliwaeleza, kwa upole lakini waziwazi, kwamba kiapo kile hawezi kukipokea tena. Njia iliyobaki ni kuomba kama mtoto anayelelewa na mzazi mmoja, baba akiwa hai na ametelekeza familia. Watahitaji barua nyingine ya serikali ya mtaa.

Kwa hiyo Mwanajuma ilibidi arudi kwa Mzee Omari. Alikwenda peke yake, akamkuta na wajumbe, hakuomba watoke. Mzee Omari alisikiliza akiwa ameegemea mkono. Akaandika barua mpya, akagonga muhuri uleule, akasema tu kwamba ile ya kwanza airudishe. Kabla ya adhuhuri Cheyo nzima ilikuwa inajua.

Najiat na Majidi, baba yake mkubwa, walikwenda Usoke siku hiyohiyo ya barua. Binti alitaka kumwona baba yake kwa macho yake, na pengine kupata ile sahihi. Walikuta kibanda kimefungwa kwa waya. Jirani akasema fundi na familia yake wamehama juzi, wamepakia vyombo kwenye lori la magunia, hakuna anayejua wameelekea wapi. Pengine Kaliua, pengine mbele zaidi. Waliporudi Najiat alikaa kizingitini bado amevaa viatu.

"Ungeniambia mapema ningemkuta," alimwambia mama yake.

Mwanajuma alikwenda kumletea maji ya kuoga.

Maombi yalipelekwa yakiwa hivyo: baba hai, hajulikani alipo. Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, la Najiat halikuwemo. Awamu ya pili likatokea. Alikuwa amepangiwa sehemu ya ada, pasipo fedha ya chakula wala malazi. Majidi, ambaye hakuwa amemsemesha shemeji yake tangu siku ile, aliuza mbuzi zake na kumpa Najiat nauli na godoro. Mwanajuma alimpa alichokuwa nacho, na chupa za asali za kuuzia wenzake bwenini. Binti alipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anavyopokea mtu kitu kutoka kwa mgeni.

Mwanajuma alikwenda pia kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe. Aliambiwa mume lazima aitwe asikilizwe. Aitwe wapi? Barua ilipelekwa Usoke ikarudi. Akaambiwa avute subira, watamtafuta kwa njia nyingine. Hadi leo si mjane, si mtalaka, na mume hana. Sokoni wanawake bado wananunua asali yake, maana ni nzuri. Wanalipa wanaondoka. Zamani walikuwa wakikaa.

Muhula wa kwanza ulipokaribia kuisha, Najiat alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu mwenye shughuli nyingi. Wanafunzi waliopata kidogo wameruhusiwa kukata rufaa, alisema, na anajaza tena kwenye kompyuta ya chuo. Kuna mahali anaulizwa kama hali ya wazazi imebadilika tangu alipoomba.

"Nijaze nini, Mama?"

Mbele ya Mwanajuma mteja alikuwa amesimama na chupa tupu, anasubiri kujaziwa.

"Jaza kwamba haijabadilika," alisema, akaibana simu kwa bega, akafungua ndoo.